Kanisa Lenye Nguzo za Kimisri



Nimetakiwa niseme machache juu ya kutunza majengo ya kale. Nimechagua jengo la mbali: kanisa la Wapresbiteri lililo katikati ya mji wa Nashville, jimbo la Tennessee, Marekani.

Usharika ule ulianza mwaka 1814. Kanisa lake la kwanza liliungua mwaka 1832, na la pili mwaka 1848. Hawakukata tamaa. Walimwita William Strickland, aliyekuwa akijenga Bunge la Tennessee, akawachorea la tatu, lililofunguliwa mwaka 1851. Alifuata mtindo wa mahekalu ya Misri: minara miwili, nguzo nene, na jua lenye mabawa juu ya mlango. Katika miaka ya 1880 ndani nako kulipakwa rangi za Kimisri, na ukuta wa mbele ukachorwa nguzo zinazoonekana kama zinaendelea mbali.

Sasa tazameni jambo hili. Katika nyumba ile zilisomwa habari za Waisraeli waliokuwa watumwa Misri, na waliozisikiliza walikuwamo mabwana wenye watumwa wa asili ya Afrika. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipofika, jeshi la Serikali lililigeuza kanisa kuwa hospitali. Kengele yake ilitolewa mwaka 1867 na Bibi Adelicia Acklen, ambaye utajiri wake ulitokana na mashamba ya pamba yaliyolimwa na watumwa.

Mwaka 1955 waumini wengi walihamia nje ya mji. Wachache walikataa; wakalinunua jengo, wakaanzisha usharika wao, na kwa miaka mingi wamewalisha wasio na makao. Mwaka 1993 Serikali ililitangaza kuwa alama ya historia ya taifa.

Kutunza jengo, basi, si kupaka chokaa tu. Ni kutunza habari zake zote, za fahari na za aibu. Wenzangu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Michango yetu isikawie. Nanyi vijana, mkipita penye kuta za shule hii, ulizeni ni nani waliobeba mawe yake, nasi wazee tuwajibu kweli.