Punda wa Proclus na Kenchi za Daraja Mbili



Nilialikwa kuzungumzia mustakabali wa Hisabati. Nitazungumzia pembetatu mbili.

Kilichonichokoza ni kauli niliyoisikia kwenye semina ya walimu hapa Arusha: kwamba kumfundisha mtoto wa kidato cha pili kuthibitisha kuwa pembetatu mbili zinalingana kabisa ni kuchezea vipindi. Apewe rula na kipimapembe, apime, aone, mada iishe. Msemaji hakuwa mjinga. Alikumbusha kwamba kwa miaka kadhaa kufikia 2022, takriban mtahiniwa mmoja tu kati ya watano ndiye aliyefaulu Hisabati ya kidato cha nne. Jahazi likizama, alisema, mizigo hutoswa. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi sikupiga.

 Wahadhiri wenzangu wanajua kwamba Euclid, mwanajiometri wa Kigiriki, aliiegemeza kanuni ya kulingana kwa pande mbili na pembe iliyo kati yake kwenye kuibeba pembetatu moja na kuilaza juu ya nyingine, na kwamba mwanahisabati Hilbert, mwaka 1899, hakuridhika, akakiweka kiini cha kanuni hiyo miongoni mwa misingi isiyothibitishwa. Tuyaache hayo.

Ninayetaka kukaa naye ni Proclus, aliyefundisha Athens katika karne ya 5 na kuandika ufafanuzi wa kitabu cha kwanza cha Euclid.  Anasimulia kuwa wafuasi wa mwanafalsafa Epicurus walimcheka Euclid kwa kuthibitisha kwamba pande mbili za pembetatu, zikijumlishwa, huzidi upande wa tatu. Hata punda analijua hilo, walisema: muwekee majani pale, atayafuata moja kwa moja, hatazunguka kona. Aliyewahi kuwaona punda wa huku kwetu wakikatiza shambani hatabisha. Proclus naye habishi! Anakubali kuwa jambo linaonekana. Anachokataa ni kuhesabu kuona kuwa elimu. Kwamba moto unapasha joto, ngozi inatosha kutuambia. Unapashaje, hiyo ni kazi ya elimu. Kauli ya semina ina umri mkubwa kuliko msemaji wake alivyodhani.

Ni Proclus huyohuyo, akimtegemea mwanahistoria wa hisabati Eudemus, anayetuambia kuwa mwanafalsafa Thales lazima aliijua kanuni ya pembe mbili na upande mmoja, kwa kuwa alionyesha umbali wa meli zilizo baharini. Alifanyaje, hasemi. Mimi ningekwenda Ziwa Duluti, karibu na hapa Arusha, kama miti ya ukingoni ingeniruhusu. Ningesimama mkabala na mtumbwi, nitembee hatua 20 kando ya maji, nichomeke kijiti, niongeze 20 nyingine, kisha niyape maji mgongo na kwenda hadi kijiti na mtumbwi vikae kwenye mstari mmoja. Hatua hizo za mwisho ndizo umbali wa mtumbwi. Pembetatu ya pili imelala majini. Nani ataipima kwa rula?

Jirani yangu fundi wa Daraja Mbili hukata mbao za kenchi kwa urefu tu, hapimi pembe hata moja, na mapaa yanakaa. Nilimuuliza sababu. "Mzee, urefu ukishakaa, pembe itakwenda wapi?" Nusu ya uthibitisho anayo tayari.

Basi anapima, atasema mpinzani wangu. Sawa, tupime. Chora pembe A ya nyuzi 30, AB iwe sentimita 10, na BC sentimita 5. Inapatikana pembetatu moja tu. Sasa BC iwe sentimita 5.02. Sehemu mbili za kumi za milimita: ncha ya penseli inazimeza, rula ya shule haizioni. Lakini tao la bikari lililochorwa kutoka B sasa linakata mstari wa AC mara mbili, na tuna pembetatu mbili ambazo AC zake zinatofautiana kwa karibu milimita 9. Pande mbili sawa, pembe moja sawa, pembetatu tofauti.

Kwa hiyo nasema mada ianzie hapa, kwenye kanuni hii inayodanganya, ya pande mbili na pembe isiyo kati yake, kabla ya zile za kweli. Nimeambiwa bikari ni chache, madarasa yamefurika, na mtoto bado anahangaika na Kiingereza. Yote kweli, na la lugha ndilo linalonisumbua zaidi. Sibanduki. Mchoro huu hauhitaji Kiingereza, na bikari moja ya ubaoni inatosha.

Kisha mwalimu aifanye pembe A kuwa ya nyuzi 90, BC ikiwa ndefu kuliko AB, na mstari urefushwe pande zote mbili. Tao bado linaukata mara mbili, ila safari hii kila upande wa A mara moja, na pembetatu ya kushoto ni ile ya kulia iliyopinduliwa. Mwanafunzi aulizwe kwa nini hapa kanuni imekubali.