KUKOSA KAZI SI JINAI

Hotuba kwa vijana wa mijini

Vijana wenzangu,

Nawasalimu nyinyi mnaouza soksi na maji barabarani, mnaosukuma mikokoteni, mnaopiga debe stendi, mnaongoja abiria na bodaboda zenu, na nyinyi mliomaliza shule mkabaki na vyeti mkononi bila ajira. Wakubwa wakiwa jukwaani huwaita taifa la kesho. Wakishuka jukwaani huwaita wazururaji. Leo tulizungumze neno hilo moja: mzururaji. Limetoka wapi, na nani kakubandika wewe?

Mwizi ameiba. Mla rushwa amekula rushwa. Mzururaji je, amefanya nini? Amesimama. Amekaa. Amepita njia. Kanuni ya Adhabu iliyoanza kutumika Tanganyika mwaka 1945, enzi za Mwingereza, ilikuja na vifungu vya 176 na 177. Vifungu hivyo vilimfanya mtu kuwa mkosaji kwa kuombaomba, au kwa kukutwa barabarani katika saa na hali ya kumfanya askari adhani kwamba nia yake si njema. Hukukutwa unavunja mlango, ndugu yangu. Umekutwa tu!

Na Mwingereza hakuitunga sheria hiyo kwa ajili yetu. Aliitoa kwao. Mwaka 1824, baada ya vita vya Napoleon, miji ya Uingereza ilijaa askari walioachishwa jeshi na maskini wasio na kazi. Wenye nacho hawakupenda kuwaona, ikatungwa sheria ya kuwazoa. Alipokuja kututawala akaja nayo, kwa sababu mji aliuona ni wake, na Mwafrika aliingia kama boi au kuli. Mwaka 2022 Bunge la Uingereza lenyewe lilipitisha kwamba sheria ile ya 1824 ifutwe. Mwenye mali anaitupa, sisi tuliorithi tunaifunika kwa kitambaa isipate vumbi!

Mwaka 1961 bendera ya mkoloni ilishuka, lakini sheria yake ilibaki. Mwaka 1983 tukaongeza ya kwetu, Sheria ya Nguvu Kazi. Watu walikamatwa mitaani Dar es Salaam, wakapakiwa kwenye malori na kupelekwa vijijini na kwenye mashamba ya mkonge. Wengi walirudi. Njaa haiondolewi kwa karandinga.

Sasa tuseme juu ya usawa. Katiba yetu iliingiziwa haki za binadamu mwaka 1984. Ibara ya 13 inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Ibara ya 17 inampa kila raia haki ya kwenda kokote nchini na kuishi popote. Maneno mazuri. Lakini tazama mtaani. Mtoto wa kigogo anaegemea gari lake nje ya baa saa saba za usiku, askari anampungia mkono: "Usiku mwema, bosi." Wewe unatoka sokoni kushusha viazi, unatembea kwa miguu kwa sababu nauli ndiyo chakula cha kesho. Unaulizwa: "Wewe, unatoka wapi? Kitambulisho kiko wapi?" Barabara ile ile, saa ile ile. Kilichotofautiana ni mfuko. Na kwa kuwa kosa lenyewe halihitaji shahidi wala kidhibiti, limekuwa shamba la kitu kidogo. Mwenye chochote anaachiwa njiani, asiye nacho analala mahabusu. Dada zetu nao huzolewa hivyo hivyo kwa sababu ya sketi waliyovaa na saa waliyopita.

Msidhani haya ni maneno ya wapinzani peke yao. Pale Arusha ipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Tarehe 4 Desemba 2020 majaji wake walitoa maoni ya kishauri kuhusu sheria za uzururaji za Afrika. Walisema zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika: zinavunja usawa, utu, uhuru wa mtu na uhuru wa kutembea, na zinamwadhibu mtu kwa hali yake badala ya tendo lake. Walisema pia zinavunja Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, na haki za wanawake maskini. Wakazitaka nchi zizifute au zizirekebishe. Na Serikali yetu? Novemba 2019 ilikuwa imekwishatoa taarifa ya kuondoa ruhusa ya raia na asasi kupeleka mashauri moja kwa moja katika Mahakama hiyo. Kisima kiko uani kwetu, kata tukanyang'anywa sisi!

Majirani hawakulala. Kenya ilifuta Sheria yake ya Uzururaji mwaka 1997. Malawi, mchuuzi wa mifuko ya plastiki alikamatwa alfajiri akienda sokoni. Alifungua kesi, na Januari 2017 Mahakama Kuu ikatamka kwamba kifungu kile kinavunja Katiba. Uganda, Mahakama ya Katiba ilifanya hivyo Desemba 2022. Aliyeanza kule Malawi hakuwa profesa. Alikuwa machinga kama wewe.

Kwa hiyo ukikamatwa, usipigane na usikimbie. Uliza kwa adabu: nakamatwa kwa kosa gani? Kuambiwa ni haki yako. Kwa kosa dogo kama hili, ikiwa hufikishwi mahakamani ndani ya saa 24, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inataka upewe dhamana, na dhamana ya polisi haiuzwi. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Yayasemeni haya vijiweni mpaka kila mmoja ayajue kama anavyojua matokeo ya Simba na Yanga.

Lakini vijana wenzangu, nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa. Yupo mtoto wa miaka 10 analala kwenye baraza la duka karibu na kijiwe chako. Nguo chafu, gunzi la mahindi mkononi. Simu ya mtu ikipotea, nani anapigwa kofi la kwanza? Ni yeye. Nani alimwona akiiba? Hakuna. Ameonekana tu! Tunamwita chokoraa, tunamzibia njia, na siku mbaya mtu anapaza sauti "mwizi!" na mawe yanaokotwa. Hiyo ndiyo sheria ya 1824, safari hii imo mikononi mwetu bila magwanda wala pingu. Askari anayekuhukumu wewe kwa viatu vyako vilivyochakaa, na wewe unayemhukumu mdogo wako kwa uchafu wake, mna tofauti gani? Anayedai haki kwa polisi aanze kuitoa kwa mtoto wa barazani. Haki isiyomfikia mdogo ni upendeleo tu.

Basi mgombea ubunge au udiwani akija kijiweni na fulana na kofia, awe wa chama tawala au wa chama changu mimi, msimwulize ameleta nini mfukoni. Mwulizeni: vifungu vya uzururaji utavipeleka Bungeni vifutwe, ndiyo au hapana? Akianza kuzunguka mbuyu, mnajua la kufanya kwenye sanduku la kura.

Mji huu tunaujenga sisi kwa jasho letu. Kusimama ndani yake haiwezi kuwa jinai.