Matengenezo Kabla ya Kupasua Ufizi
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Magu)



Sisi si waganga. Kazi yetu ni kalamu na daftari. Lakini mgonjwa hupita mezani pa karani kabla ya kumwona mganga, na kwa hiyo yatupasa kujua kwa nini hukawizwa. Mtu aliyetoka mbali, fizi zikimvuja damu na meno yakilegea, akiambiwa arudi baada ya majuma kadhaa, hudhani amedharauliwa. Sivyo.

Kwanza, mganga hukwangua ukoga uliogeuka jiwe juu ya meno, humfundisha mgonjwa kupiga mswaki, kisha hungoja majuma 4 au zaidi. Mara nyingi uvimbe hupungua, na pengine kisu hakihitajiwi tena.

Pili, mgonjwa huulizwa: Una kisukari au shinikizo la damu? Watumia dawa izuiayo damu kuganda? Una mimba? Iko dawa iliyokudhuru zamani? Wavuta tumbaku? Kisukari kisichotawaliwa hukawiza kidonda kupona, na tumbaku vivyo hivyo. Wala asiache dawa zake kwa shauri lake mwenyewe. Huelezwa yatakayofanywa, na Kiswahili kikimtatiza aelezwe kwa Kisukuma, ndipo akubali au akatae. Kwa kuwa hutiwa ganzi kinywani tu, wala halazwi usingizi, hana haja ya kufunga, ila mganga akiagiza vingine.

Tatu, vyombo. Koleo, mikasi na vikwangulio huoshwa kwanza hata damu yote itoke, maana mvuke haupenyi uchafu. Wako wasemao kuchemsha kwatosha. Hakutoshi, na hapa kwetu zaidi: Ziwa letu liko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na maji huchemka kwa nyuzi 96 hivi, wala hayafiki 100. Hata pwani, kuchemsha hakuui mbegu za vijidudu vya pepopunda. Lakini mvuke uliobanwa katika mtungi wake hufikia nyuzi 121. Ukidumu kwa joto hilo dakika 15 huua, na vyombo vilivyofungwa hupewa dakika 30. Sindano na wembe wa kisu hutumiwa kwa mtu mmoja tu, kisha hutupwa katika sanduku lake.

Basi, ndugu wanachama, tufanye yaliyo yetu. Tumkumbushe kila mgonjwa aje na vyeti vyake na dawa anazotumia. Tumweleze kwa upole sababu ya kungoja. Wala tusimsihi mganga ampasue jamaa yetu leo kwa kuwa ni jamaa yetu. Tukifanya hivyo hatumpendelei, twamhatirisha. Haraka haraka haina baraka, na penye damu haina hata kidogo.