Mtoto na Hofu ya Sindano



Nimetakiwa niseme maneno machache juu ya watoto wetu wa Kibarani waogopao sindano. Wengi huliona jambo hili dogo. Lakini mtoto aliyekwisha tiwa hofu, siku ya maradhi huukimbia hata mlango wa hospitali.

Hofu hiyo aghalabu twaipanda wenyewe. Mtoto akilia twamwambia, "Nyamaza, ama nitakupeleka kwa daktari ukadungwe sindano!" Kisha siku ya chanjo twamvika nguo safi, twamwambia twaenda Mji wa Kale kwa shangazi yake, na gari lasimama hospitalini. Hapo akipiga mayowe, kosa ni la nani? Nami naungama, mjukuu wangu nimemfanyia hivyo.

Mwambieni kweli: itauma kidogo, kisha maumivu yatapoa. Mpakateni, akae wima. Kumlaza na kumbana kwamzidishia hofu. Mtoto mchanga na anyonyeshwe kabla kidogo ya kudungwa, au wakati ule ule. Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri hilo mwaka 2015. Aliye mkubwa kidogo asimuliwe hadithi. Wala asichekwe akilia, ajapokuwa mwanamume.

Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na ile ya surua ya miezi 9 na 18, zina wakati wake. Basi nawaomba wazee, mnaosikizwa majumbani, mtukataze kitisho hicho tangu jioni ya leo.