Tujue kitambaa kabla ya kukikata

(Hotuba ya ofisi ya miradi kwa vijana wanaoanza mafunzo ya ushonaji na ubunifu wa mavazi, Tabora)



Wengi wenu vijana mmekuja na madaftari yenye michoro mizuri ya magauni na mashati. Tumeiona na tumefurahi. Hata hivyo, katika wiki za kwanza tutawaomba mchore kidogo na mjifunze zaidi kitambaa chenyewe. Tunapenda kuwaeleza sababu.

Miaka michache iliyopita tulipata kazi ya kushona sare za shule moja. Vipimo vilichukuliwa vizuri, mishono ilinyooka, na tulikabidhi kazi kwa wakati. Baada ya kufuliwa mara ya kwanza, sketi zilipanda juu ya magoti na mashati hayakufunga vifungo. Wazazi walizirudisha, na walikuwa na haki. Vijana walioshona hawakukosea. Kosa lilikuwa letu sisi ofisini. Tulinunua majora kwa kuangalia rangi na bei tu, wala hatukukata hata kipande kimoja tukakifua. Fedha ambazo vijana wangenunulia vyerehani vyao zilikwenda kununua kitambaa kingine.

Kosa hilo linatuaibisha zaidi sisi watu wa Tabora, maana mji huu ulikua kwa biashara ya misafara. Katika karne ya 19 misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa Unyanyembe. Ilileta merikani na kaniki, ikarudi pwani na pembe za ndovu, na pia, tusifiche, watu waliotiwa utumwani. Merikani iliitwa hivyo kwa sababu ilitoka Marekani, ikiletwa Unguja na meli za Salem. Vitambaa vilitumika kama fedha, vikihesabiwa kwa shuka, doti na jora. Shuka mbili zilifanya doti moja. Kila nchi njiani ilikuwa na kitambaa ilichokipenda, na msafara uliobeba kisichotakiwa ulipata taabu ya chakula.

Kabla ya hapo Wanyamwezi walisokota na kufuma pamba yao wenyewe. Richard Burton, Mwingereza aliyefika hapa mwaka 1857, aliandika habari za ufumaji huo. Kwa hiyo ujuzi huu si mgeni kwetu. Ulidhoofika vitambaa vya kuletwa vilipoenea.

Sasa, mtajifunza nini? Mambo manne:

1. Asili ya uzi. Chomoa uzi mmoja, uuchome mbali na kitambaa. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Pamba hufyonza jasho. Poliesta haikunjamani upesi. Mteja ana haki ya kuambiwa ananunua kipi.

2. Ufumaji. Nyuzi za kwenda urefu wa kitambaa ni mtande, na zinazokatiza ni mshindio. Suruali iliyokatwa bila kufuata mtande hujipinda mguuni baada ya kufuliwa, hata kama fundi wake ni hodari.

3. Kurudi kwa kitambaa, yaani kupungua kikifuliwa. Kata kipande cha sentimita 50 kwa 50, kifue, kikaushe, kipime tena. Kikibaki na sentimita 47 kwa urefu, kimepungua asilimia 6. Sketi ya sentimita 60 itapoteza zaidi ya sentimita 3. Hapo ndipo sisi tuliposhindwa.

4. Rangi. Sugua kitambaa cheupe kilicholowa juu ya kile cha rangi. Cheupe kikichafuka, usishonee kola nyeupe kwenye nguo hiyo.

Wazazi mliotoka Igunga na Nzega mnakolima pamba, nanyi mmo katika somo hili. Pamba yetu huchumwa kwa mkono. Ikijazwa katika mifuko ya sandarusi, nyuzi za mfuko huchanganyika nayo. Nyuzi hizo hazishiki rangi, na huja kuonekana kama madoa kwenye kitambaa kilichokwisha kutiwa rangi kiwandani. Kwa hiyo ubora wa nguo unaanzia shambani.

Sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nje ikiwa imechambuliwa tu, bila kusokotwa. Tunahitaji wabunifu wanaoweza kuzungumza na mkulima, na mwenye kiwanda, na muuza majora, wakamwambia kila mmoja wanachohitaji. Atakayetaka kuendelea ajue kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha uhandisi wa nguo, pamoja na ubunifu na teknolojia ya nguo, hadi shahada. Asiyefika huko ataweza kupima jora lake mwenyewe kwa kiberiti, beseni la maji na futi.

Sisi ofisini tunatoa ahadi mbele yenu. Kuanzia leo hatutanunua jora kwa ajili ya kazi yoyote kabla vijana hawajakifua kipande chake na kutupa vipimo kwa maandishi. Wakisema hakifai, hatununui, hata kama bei ni nzuri.

Nanyi wazazi, mtoto akirudi likizo na vipande vilivyochomwa na kufuliwa mfukoni, msimgombeze. Mwombeni awaeleze.