Ua Limenyauka, Majani Bado Yana Kazi

Leo nina neno na mama zangu na dada zangu wa Rugenge wanaopanda gladiola, yale maua ya glayeli yanayopamba arusi na altare zetu. Tafadhali, ua likishanyauka, panga likae pembeni kwanza.

Wengi wetu hufyeka yote, bua na majani, ili mbele ya nyumba paonekane safi. Usafi huo ni hasara. Tunguu ulilofukia mwezi wa kumi limekwisha kujimaliza kwa kulisha ua. Juu yake linaumbika tunguu jipya, na chakula chake kinatoka kwenye majani hayo hayo unayoyaona hayana faida. Kata bua la maua peke yake, ubakize majani yasiyopungua manne, halafu subiri wiki 6 hadi 8, mpaka yaanze kugeuka manjano.

Vitabu vya Ulaya vinasema ung'oe kabla ya baridi, maana kwao udongo huganda. Huku kwetu Rugenge, kando ya ziwa Tanganyika, adui ni maji. Gladiola za bustani ambazo mfanyabiashara wa maua Louis van Houtte alizileta sokoni mjini Gand, Ubelgiji, mwaka 1841, zina damu ya Gladiolus dalenii, ua la Afrika linaloota porini mpaka leo, Kongo ikiwemo. Kiangazi kikija, hilo la porini hukauka juu, tunguu likalala ardhini, mvua zikirudi likachipua. Kulala linajua. Kulala majini ndiko kunakoliua.

Kwa hiyo mwenye parseli ya mteremko na mchanga anaweza kuliacha lilipo. Mwenye udongo mzito, au aliye upande wa ziwa ambalo miaka hii limefuata watu hadi milangoni, ang'oe. Chimba kwa mbali kidogo, usivute majani. Yakate karibu na tunguu, kisha anika barazani penye hewa kwa wiki 2 au 3. Mvua za mwezi wa nne zisikudanganye ukaharakisha.

Likikauka, lishike mkononi uligeuze. Chini utaona kisahani cha kahawia kilichosinyaa: hilo ndilo tunguu la zamani. Sukuma kwa kidole gumba, litabanduka na mizizi yake yote, liache kovu safi la mviringo. Likigoma, rudisha barazani. Lenye doa laini au harufu ya kuoza, tupa mbali na bustani.

Kuhifadhi, mfuko wa plastiki hapana. Hutoa jasho na tunguu likaota ukungu. Kipande cha wavu wa ndagala uliochakaa kinatosha kabisa. Kitundike ndani, kivulini, mbali na mabati, kwa sababu joto la mchana pale juu si mchezo. Kila baada ya muda pitisha mkono, utoe yaliyolainika. Mvua za mwezi wa tisa au wa kumi zikishika, panda upya.

Utakuta pia vitoto vidogo, kama punje za mahindi, vimeshikamana na tunguu. Watu huvifagia pamoja na takataka. Vipe mstari wao pembeni ya bustani, ila ujue vitachukua miaka 2 au 3 kabla ya kutoa ua. Kama huna subira hiyo, mpe jirani.