WATOTO WARUKE PAMOJA, LAKINI CHINI

Leo, wakati munangoja watoto wapimwe kilo, tuzungumze kidogo juu ya michezo ya kuruka.

Kila mama wa Lumumba anajua jambo hili. Mvua inanyesha, watoto wako ndani. Mama anapika. Mara anasikia kitanda kinalia: kwi, kwi, kwi! Watoto wanne wako juu ya matela, wanaruka na kucheka. Halafu mmoja anaanguka, na kicheko kinageuka kilio.

Ulaya na Marekani watoto wanarukia kitu kinachoitwa trampolini. Ni kitambaa kigumu, kimefungwa kwa resoro pande zote. Mtoto akikikanyaga, kinamrusha juu. Mwaka 2012 waganga wa watoto wa Marekani walieleza kwamba karibu robo tatu ya wanaoumia huko ni wale wanaoruka wengi kwa wakati mmoja. Na mdogo ndiye anayeumia zaidi. Kwa nini? Mkubwa akishuka na uzito wake, kitambaa kinamtupa mdogo kwa nguvu isiyo yake. Matela nayo inayumba, tena ukuta uko karibu na sakafu ni ngumu.

Basi, sheria yetu ni moja: juu ya kitanda, hapana kuruka. Chini kwenye udongo, waruke wote!

Musiwakataze kabisa. Mifupa ya mtoto inapata nguvu akiruka na kukimbia, pamoja na chakula kizuri. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 mpaka 17 achezeshe mwili saa moja kila siku. Michezo hii haiombi hata franga moja:

1. Nzango. Mistari miwili inatazamana. Wawili wanatoka katikati, wengine wanaimba na kupiga makofi. Wanaruka, kisha kila mmoja anatoa mguu mbele. Wamepatana mbele kwamba miguu ikielekeana anashinda huyu, ikipishana anashinda yule. Mchezo huu wa wasichana wa Kongo ulionyeshwa hata katika Michezo ya Afrika, Brazzaville, mwaka 2015.

2. Kamba. Wawili wanazungusha, wengine wanaingia mmoja mmoja wakihesabu kwa sauti. Mtoto anafanya mazoezi ya hesabu bila kujua. Kamba isifungwe shingoni hata kwa mchezo.

3. Chura. Vikundi viwili vinashindana. Kila mtoto anachuchumaa, anaruka kama chura mpaka kwenye alama, anarudi mbio, anamgusa mwenzake.

Wacheze ndani ya parseli, mbali na njia ya pikipiki. Muokote mawe na vipande vya chupa kwanza. Wakiona chuma wasichokijua, wasikiguse, wamwite mtu mkubwa. Wadogo wacheze na wadogo wenzao.

Na yule mtoto aliyekimbia vita, aliyefika juzi kwa jirani na anakaa pembeni peke yake? Mumuite. Labda lugha ya wenzake haijui vizuri, lakini nzango inachezwa kwa miguu na makofi.

MTOTO AKIANGUKA

Mkono au mguu ukivimba, ukipinda, au akikataa kuutumia, labda mfupa umevunjika. Musiuvute. Musiukande. Muweke kipande cha ubao au karto ngumu kando yake, mufunge kwa kitambaa bila kukaza, mumlete hospitali siku ileile. Vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi au vikifa ganzi, mulegeze kitambaa na mufanye haraka. Mfupa ukitoka nje, mufunike kwa kitambaa safi, musiurudishe ndani.

Akianguka kwa kichwa, kisha akatapika, akasinzia kupita kawaida au akashikwa na degedege, musingoje asubuhi. Akisema shingo inauma, au hawezi kusogeza miguu, asiinuliwe ovyo: alazwe sawasawa, kichwa kisigeuzwe, abebwe juu ya ubao.

Mfupa uliofungwa vibaya unaweza kupona umepinda, na kukaza sana kunaweza kumpotezea mtoto mkono. Mwendo wa kuja hapa ni mfupi kuliko maisha ya kilema.

MAULIZO

Kwa nini watoto wengi wasiruke pamoja juu ya kitanda?
Ni michezo gani mitatu wanaweza kucheza chini?
Mkono ukivunjika, tufanye nini, na tusifanye nini?

Mama aliyesikia amwelezee jirani ambaye hakufika leo.